Jared Oluoch na Mbaazi za Kwa Kaloki

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bw. Jared Oluoch atastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi tisa ya kuendesha magari ya kampuni yetu na kuwaongoza wageni. Aliajiriwa katika ofisi ya Thika Jumatatu, tarehe 2 Februari 1998, akitokea Siaya, na tangu hapo ameishi Kiganjo.

Safari zake nyingi zilikuwa za Kilimambogo. Wiki ya kwanza aliuliza kila siku kama kweli mlimani kuna mbogo. Siku ya nane mmoja alisimama mbele ya gari, na Bw. Oluoch akarudi kinyumenyume hadi langoni. Wageni walimpigia makofi, wakidhani ni sehemu ya ziara.

Miaka hiyo tulibeba kila kitu kutoka Thika: mikate, matunda, hata maji. Kijiji cha Kwa Kaloki, kilicho chini ya mlima, kilipata vumbi la magari yetu tu. Ni Bw. Oluoch aliyeomba, mwaka 2011, tununue chakula cha wageni kwa akina mama wa kijiji hicho. Kiongozi wa kikundi chao, Bi. Ndunge, alikubali. Nyumba zikaanza kuezekwa mabati mapya, na wasichana wengi zaidi wakamaliza sekondari.

Wageni walipenda saladi. Basi Bw. Oluoch akawashauri akina mama wang'oe mbaazi, wapande letusi, hoho na brokoli. Kufikia 2019 mbaazi zilikuwa adimu Kwa Kaloki, na chakula cha nyumbani kilinunuliwa sokoni. Sisi tulimsifu. Picha ya mashamba yale ilitundikwa katika ofisi yetu nyingine, ya Ruiru.

Machi 2020 korona ilisimamisha safari, na Aprili vizuizi vya barabarani vikatufungia upande huu wa Thika. Vizuizi vilipoondolewa Julai, Bw. Oluoch alienda peke yake. Alikuta letusi zimetoa maua, mbuzi wakizila, na familia zikila mara moja kwa siku. Bi. Ndunge alimpa kiti, kisha akamwambia mbele ya kikundi kizima: "Baba Bridget, tulililimia tumbo la mgeni. Sasa letu litalimiwa na nani?"

Wanaomfahamu wanajua kwamba huwa hakosi la kusema. Siku hiyo alisema machache. "Nilikosea, mama. Niambieni nianzie wapi."

Walimwambia alete mbegu za mbaazi. Zile walizokuwa wakiweka kutoka mavuno hadi mavuno zilikuwa zimekwisha. Kwa wiki mbili alizunguka kwa wakulima wa Matuu na Ithanga kwa gari ambalo halikuwa na wageni wa kubeba, na mvua za Oktoba zilipokaribia akapanda pamoja nao. Akina mama walimcheka kwamba anashika jembe kama anayepiga kasia ziwani. Alilima hivyo hivyo hadi shamba la mwisho.

Mwaka 2021 wageni waliporudi, Bi. Ndunge alisema hawatapika hadi mavuno yaingie ghalani. Mkurugenzi wetu, Bw. Gichuru, alitaka tutafute kijiji kingine. Bw. Oluoch akamjibu kwamba basi atafute na dereva mwingine. Kwa miezi kadhaa alibeba mikate kutoka Thika na kuvumilia manung'uniko ya wageni. Tangu Septemba mwaka huo wageni wanakula wanachokula wenyeji, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa pamoja na mbaazi, na wengi huomba kuongezewa. Letusi imebakiwa na tuta moja karibu na tangi la maji la kijiji.

Tarehe 11 mwezi huu tuliagiza chakula cha wageni sitini. Kikundi kilikataa. Mavuno yalikuwa haba, na kila nyumba ilihitaji akiba yake hadi mavuno yajayo. Ofisini hatukufurahi. Bw. Oluoch aliandika katika kitabu cha safari: "Wamekataa, na wako sawa."

Bw. Oluoch, ulitufungulia mlango wa kijiji kile, na ulipokosea hukukimbia. Leo wenyeji wanaweza kutukatalia na kesho yake wakatukaribisha. Kwa hilo tunakushukuru kwa dhati. Wewe na Mama Bridget, tunawaombea afya, amani na miaka mingi ya mapumziko mema.