Karibu ya Mama Lucy

Mchungaji, majirani, na ndugu mliofika kutoka Mgori, poleni na msiba. Mimi Frank, mdogo wa marehemu, nawasomea maisha yake kwa niaba ya familia.

Marehemu Agripina Stanley Mghenyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 kijijini Mgori, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1977, kisha akaja Singida Mjini kujifunza ushonaji, kazi aliyoifanya sokoni tangu 1981, na sare za kwaya mlizovaa leo ni za mkono wake, hata zilizochelewa, na mnajua alivyowajibu mlipozidai.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na Bwana Benjamin Mtinda, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, Lucy.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, na Februari 2023, alipopata kidonda mguuni, aliweka kwenye simu programu ya ushauri wa afya, akabonyeza "Nakubali" kwa kuwa bila kubonyeza haifunguki, akatuma picha yake, uso na kidonda. Mwezi Mei picha ile ikawa tangazo la dawa mtandaoni, akaonyeshwa na mteja aliyekuja kupima gauni. Aliona aibu, akaacha kuimba kwayani, na jambo hilo lilituuma sana.

Alitaka picha iondolewe, na ofisi inayosimamia taarifa za watu iseme nani aliruhusu. Alipopeleka lalamiko huko na kuambiwa na ofisa kwamba alikubali mwenyewe, alijibu kwamba ukipiga hodi kwake atakukaribisha sebuleni, lakini karibu hiyo si ya kwenda chumbani kumfunua shuka, ofisa akacheka, akamwambia asubiri, na tangu hapo akapigwa danadana, leo mhusika yuko semina, kesho mtandao unasumbua, hadi sisi wenyewe tukachoka, tukamshauri aache, akakataa.

Mguu ulikatwa Agosti 2025, hali ikazidi kuwa mbaya, akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba. Jana, tukiwa hapa msibani, ujumbe wa ofisi ile uliingia kwenye simu yake, kwamba lalamiko limefungwa kwa sababu mlalamikaji hapatikani. Picha bado ipo. Lucy amesema Jumatatu atakwenda mwenyewe kupiga hodi, na safari hii hatutamwambia aache.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi cherehani wenzake, na kwaya iliyokuwa ikija kumwimbia nyumbani. Wakati wa heshima za mwisho, tafadhali simu zibaki mifukoni, alikataa kupigwa picha akiwa amelala, na neno lake tuliheshimu.

Mama Lucy, pumzika kwa amani, mlangoni tupo sisi.