Kompyuta ya Desalegn Yakosa Anwani

Mvua ya usiku ililoweka mkaa wote wa Zenebech, mpika kahawa wetu, lakini benchi letu la Addis halijui visingizio, kwa hiyo Jumapili ile kahawa ilipikwa kwa jiko la umeme. Tulikuwa nje ya duka la kompyuta la Desalegn. Raundi ya pili ilishamiminwa, na kwetu haondoki mtu kabla ya ile ya tatu, yenye baraka. Ndani, Mama Wude alikaa mbele ya kompyuta iliyogoma. Binti yake anafanya kazi za ndani Beirut, na huruhusiwa kumpigia kwa kompyuta hii mara moja tu kwa wiki, bosi wake akiwa kanisani. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa vibaya, na mama mtu hajalala vizuri tangu hapo.

— Inasema imeshindwa kupata anwani, — Desalegn akalalamika mlangoni. — Nimezima, nimewasha. Nimechomoa waya, nimerudisha. Wapi!

— Kwani nani huwa anaipa? — akauliza Gashe Mekuria, tunayemwita Balozi kwa kuwa aliwahi kulinda geti la ubalozi.

— Kisanduku cha intaneti kilicho stoo. Kinagawa chenyewe, kila mashine na anwani yake.

— Basi zimekwisha! Mji umejaa watu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Zimekwisha kama sukari? — akacheka Tolosa, fundi wa madishi, jina la kijiweni Antena. — Balozi, wewe uliishia getini. Tatizo ni tarehe. Desalegn, hiyo kompyuta umeiwekea kalenda yetu ya Ethiopia?

— Ee. Niishi mwaka wa watu kwa nini?

— Umeona? Mtandao uko mbele ya kalenda yetu miaka saba. Utampaje nyumba mtu ambaye kwako bado hajafika?

— Aa, toka hapa! — Balozi akajipiga paja. — Mtu wa Addis alianza lini kuwa na anwani? Wewe Antena, nyumba yako namba ngapi?

— Nyuma ya kinu, uliza mama mwenye mbwa mweupe.

— Si ndiyo hiyo! Kompyuta imekulia hapa, imefuata mila. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Basi iandikieni “mkabala na kanisa, uliza Zenebech”, — nikadakia. Tukacheka mpaka Mama Wude akatoka nje.

— Wanangu, ibada inakaribia kuisha kule.

— Tulia, mama. Haraka haraka haina baraka, — Balozi akamwambia huku akinyoosha kikombe chake. Kwa kweli nilimwonea aibu.

Hapo alikuwa amefika dada mmoja, mgeni, anataka kuchapisha picha. Alilitazama jiko, akafuata waya wake kwa macho mpaka ulipopenya dirisha la stoo.

— Samahani, hili jiko mmelichomeka wapi?

Wote tukamgeukia Zenebech.

— Desalegn si aliniambia nichomoe kitu chochote kisicholia? — akasema. — Friji lilikuwa linanguruma. Kile kisanduku kilikuwa kimetulia tu.

Desalegn akashika kichwa. Balozi akalitazama birika la udongo, ambalo ndiyo kwanza lilianza kuchemka.

— Lakini baraka yenyewe bado...

— Chomoa, — akasema Mama Wude.

Zenebech akaingia stoo mbio, akachomoa jiko, akarudisha kisanduku. Kahawa ikanyamaza juu ya jiko. Mama Wude akarudi mbele ya kompyuta, nasi tukakaa na vikombe vitupu mpaka sauti ya binti yake ikatoka ndani:

— Emaye, mama yangu! Nilidhani umenichoka.