Giaboksi ya Vénant Siku ya Arusi

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu la Tensta, huku ughaibuni, lile la mbele ya duka la mboga linalotazama maegesho, basi hujawahi kuona gari likitibiwa kwa mdomo. Benchi lina wenyewe. Yupo Désiré wa Bukavu, tunayemwita Profesa kwa sababu tangu tumjue hajawahi kusema "sijui". Yupo Obiero wa Kisumu, Mheshimiwa, ambaye hata akiomba sukari anahutubia. Yupo Ahmed wa Tanga, Daktari, mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Na nipo mimi, ambaye kazi yangu ni kunywa na kucheka. Jumamosi hiyo tulikuwa tumevaa suti, maana mchana Ariane, binti ya rafiki yetu Vénant, alikuwa anaolewa kule Fisksätra, upande wa pili wa mji. Vénant ni Mrundi, na ngoma za kumwingiza bibi arusi ukumbini zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori lake kuukuu na kufunikwa mablanketi. Wapigaji walishatangulia kwa treni. Tatizo likawa lori lenyewe. Alilinunua wiki iliyopita, la otomatiki, na kila gia ilipobadilika lilishtuka kama lina kwikwi.

Alikuwa akilizungusha maegeshoni, sisi tunasikiliza tukiwa benchini. Vuuu, kep! Vuuu, kep!

— Oili hiyo, — Ahmed akasema huku akimimina kahawa. — Wallahi hata kwa kusikia tu najua.

Vénant akasimama karibu nasi, akatoa kichwa dirishani.

— Oili nimepima, Ahmed. Injini ya moto, inawaka, hapa pa tambarare. Imejaa. Nyekundu, haina hata harufu ya kuungua.

— Basi chujio.

— Jipya. Fundi wa Hjulsta alilibadilisha juzi. Akachomeka mashine yake, mashine ikasema gari zima. Akaliendesha mwenyewe, hakusikia kitu.

— Fundi kiziwi huyo, — akasema Obiero.

— Mais non! — Désiré akaruka. — Gari inaogopa fundi! Ni sawa na mtoto. Ku nyumba anakohoa usiku muzima, mukifika kwa docteur, kimya. Anakuangalia tu.

— Profesa, gari halina aibu, — Ahmed akasema.

— Hii iko nayo. Donc, ni nani alikuwa nayo mbele?

— Mzee mmoja wa huko kaskazini, — Vénant akajibu. — Alikuwa anabebea kuni.

— Voilà! Mzee wa kuni. Alikuwa anaendesha pole pole, hana mahali anakimbilia. Giaboksi ikazoea. Leo unaambia yeye mbio, kuna arusi! Iko nashangaa. Kila gia inajiuliza: arusi ya nani?

Tulicheka mpaka mwenye duka akachungulia. Obiero hakucheka. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, na hapo tukajua hotuba inakuja.

— Wasee, nisikizeni. Hii maneno ni kubwa. Gari ya siku hizi iko na kompyuta. Kompyuta inaongea na satelaiti. Sasa hawa watu wa serikali hawataki dizeli mjini, sindio? Hawawezi kukunyang'anya gari mchana hivi, watu wataona. Kwa hivyo wanakutumia signal kidogo kidogo. Gia ya kwanza, kep! Ya pili, kep! Mpaka wewe mwenyewe unachoka, unanunua baiskeli.

— Mheshimiwa, — Vénant akasema, — lori hili lina redio ya kaseti. Satelaiti itaongea na nini?

— Na hiyo kaseti!

— Mnapotea, — Ahmed akasema kwa upole, kama anayempa mgonjwa habari mbaya. — Ni ngoma hizo. Ngoma ikikaa na ngoma nyingine huwa haitulii. Gari likivuma, nazo zinaitikia chinichini, giaboksi inachanganyikiwa haijui ifuate mlio gani.

— Lilianza kushtuka hata kabla sijapakia, — Vénant akasema.

— Lilikuwa linazisubiri.

Vénant akazima injini, akateremka. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vyeusi vinavyong'aa, lakini uso umemshuka.

— Jamani, leo musinicheze. Wakwe zangu walitaka kukodi gari la ngoma. Nikakataa mbele ya watu wote. Nikasema ngoma za Ariane zitafika na baba yake. Sasa zikikwama njiani, mtoto wangu ataingia kimyakimya, kama mutu anayeingia ofisi ya kodi?

Hapo hata mimi niliacha kucheka. Ariane tulimwona akikua palepale maegeshoni, akijifunza baiskeli kati ya magari. Nilimwonea huruma baba yake. Ahmed akamjazia kikombe.

Désiré ndiye aliyejaribu kumfariji.

— Vénant, ndugu yangu. Labda gari haitaki Ariane aolewe.

Kabla hajapigwa na kikombe, akatokea Laurentine, dada yake Vénant, shangazi wa bibi arusi. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Uppsala, amejifunga mshanana wake, vazi la sherehe la kufungwa begani, begi mkononi. Lori alikuwa hajawahi kulipanda.

— Bado muko hapa? Kule wapigaji wanauliza ngoma!

— Giaboksi ni mbovu, — tukasema kwa pamoja.

— Inatembea au haitembei?

— Inatembea, ila inashtuka.

— Kaka, panda. Nionyeshe.

Wakapanda wote wawili. Vuuu, kep! Vuuu, kep! Wakazunguka mara moja na kusimama mbele ya benchi. Laurentine alikuwa ameinama kuokota begi lililomwanguka. Akabaki ameinama vilevile.

— Kaka, — akauliza, — huo mguu wa kushoto unakanyaga nini?

Tukajazana dirishani wote. Mguu wa kushoto wa Vénant ulikuwa juu ya breki. Mwenyewe aliutazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ujana wake wote aliendesha malori ya mizigo Bujumbura, ya gia za mkono, na kila injini iliponguruma mguu uliondoka wenyewe kutafuta klachi. Humu klachi hakuna, ukawa unaangukia breki.

Profesa alisoma bango la duka kana kwamba limeandikwa leo. Ahmed akatikisa chupa, kahawa imeisha.

— Vua kiatu hicho, — Laurentine akasema. — Lete hapa. Mguu ukigusa chuma utakumbuka.

Akakipakata. Lori likazunguka tena. Vuuu, vuuu, vuuu, laini kabisa, likatoka hadi barabarani, likaenda zake. Tulikumbatiana kama tulilitengeneza sisi.

— Mimi tangu mwanzo nilisema si giaboksi, — akasema Obiero.

— Ulisema satelaiti!

— Na satelaiti ni giaboksi?

— Jamani, — Ahmed akasema, — si tulikuwa twende nalo?

Tukakimbilia treni na suti zetu. Tulikuwa bado kituo cha Slussen, tukisubiri basi, simu ya Désiré ilipolia. Ilikuwa Laurentine, lakini hatukusikia neno. Tulisikia ngoma. Désiré akaweka sauti juu, watu kituoni wakageuka. Mheshimiwa alikosa hotuba, akawa anajifuta macho kwa tai.

— Ariane anaingia! — Laurentine akapiga kelele.

— Na baba yake?

— Yuko mbele ya ngoma, anaruka! Kiatu chake ninacho mimi.