Nadhiri ya Casilda

Kitendawili! Punda wangu akikimbia leo, kesho hasimami. Msihangaike: ni mwili wa mwenye baridi yabisi. Casilda alikuwa na punda huyo ndani ya kigari kinachoning'inia angani kwenye waya, wakishuka kutoka mji wa El Alto ulio juu mlimani kwenda jiji la La Paz bondeni.

Mbele yake aliketi mama asiyemjua, mwenye kofia ya duara na furushi la viazi, akimtazama anavyokanda magoti. "Umeanguka, dada?"

"Nimecheza. Jana maumivu yalilala, nikafanya mazoezi ya ngoma ya karnivali na kikundi chetu mpaka mwisho. Leo hata kijiko hakishikiki. Binti anayeninyoosha viungo kanigombeza: cheza kidogo, pumzika kabla hayajaamka."

"Si ukae nyumbani tu!"

"Nikikaa naganda, mama. Tena nina nadhiri kwa Bikira Maria. Miaka mitatu nicheze kwenye maandamano ya karnivali mpaka miguuni pa sanamu yake kanisani, na huu ndio wa mwisho."

"Ehee! Na nadhiri utaitoa vipande vipande kama mkate? Ukitoka mstarini, kikundi kizima kinachekwa." Wenye magoti mazima hawakosi ushauri. "Haya sema, utacheza au hutacheza?"

Casilda akatazama mapaa yakizidi kuwasogelea. Alimfikiria kiongozi wa kikundi, asiyevumilia pengo. Kigari kikafika kituoni, mlango ukafunguka, naye akainuka polepole akishikilia chuma.

"Nitacheza," akasema. "Nikikaribia kuumia nitakaa kando, wenzangu wapite, kisha nifuate polepole. Bikira nilimwahidi nitafika, mama. Sikumwahidi nitafika na nani."