Mwanamke wa Jiwe Asiye na Uso

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kabla ya alfajiri Bibi Rolande alipozima jiko, akaenda kuwahi tramu ya mtaa wa Schaerbeek. Ndani ya tramu, mbele yake, mzee mmoja alisimama, akamwachia kiti dada mjamzito aliyeshika picha ya kisanamu cha kale: mwanamke wa jiwe, matiti na tumbo kubwa, uso hana.

“Huyo namujua,” mzee alisema. “Gazeti ilisema ni mungu ya uzazi.”

“Magazeti inapenda miungu, papa. Wenye kuchunguza bado wanabishana. Leo ni mara ya kwanza nitaelezea watoto ya masomo juu yake kule musée, nyumba ya vitu ya zamani, peke yangu.”

“Alors, utawaambia nini?”

“Kwamba hatujui.”

“Watasema haujue kazi yako. Chef wako wa kazi atakufukuza.”

Dada alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vikiikunja picha pembeni. “Nikiangalia chini sasa, naona matiti na tumbo tu, miguu hapana. Kuko wenye wanasema mwanamuke alijichonga mwenyewe, akijiangalia hivi. Bon, hiyo naipenda sana. Na kwa sababu naipenda, najichunga: siwezi kuwaambia watoto ni kweli.”

Bibi Rolande, aliyekuwa akiwasikiliza, alitamani kuwa mmoja wa watoto hao.

Mzee alikuna kidevu. “Mimi nilifika pale, nikamupita mbiyo. Gazeti ilikuwa imeshanimalizia kazi ya kufikiri. Lakini mimi bado nasema ni mungu.”

Tramu ilisimama. Mzee alimshika dada mkono mpaka akakanyaga chini.

“Basi papa,” dada alisema, “mumutembelee tena huyo mwanamuke wa jiwe.”