Benjamini Mniko Keraryo (1974–2025): Wakili Aliyebaki Daraja la Kwanza

Benjamini Mniko Keraryo, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Kiabakari, wilayani Butiama, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Mniko Keraryo na Mama Miriamu. Alikulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe hawakumtoka. Hata alipokuwa wakili, akifika nyumbani Ijumaa jioni alivua viatu vya mahakamani mlangoni na kwenda zizini na tai yake shingoni, kabla hajasalimia mtu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Musoma na kidato cha tano na sita jijini Mwanza. Mwaka 1996 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya sheria mwaka 2000. Baba yake aliuza madume mawili ili asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada.

Aliajiriwa mwaka 2003 kuwa Wakili wa Serikali Daraja la Pili, akapangiwa Tabora. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Septemba, alifunga ndoa na Mwalimu Consolata Mwandu wa Bunda. Siku ya kupanga mahari, baba mkwe wake, Mzee Mwandu, alimuuliza, "Hivi wakili wa serikali anamteteaga nani?" Benjamini akajibu, "Hata yule ninayemshtaki, mzee." Mama mkwe akacheka kule ndani. "Consolata, mwanangu, huyu atakufa maskini. Ila mchukue." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2010 alipandishwa kuwa Daraja la Kwanza, na mwaka 2011 akahamishiwa Musoma. Kilichobaki mbele yake kilikuwa cheo cha Mwandamizi. Alikitaka. Tusidanganyane leo kwamba hakujali. Alikitaka kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya pensheni, na kwa sababu alikuwa amekifanyia kazi.

Mwaka 2018 ilisikilizwa Musoma rufaa ya kijana mchunga ng'ombe wa Bunda, Robert, aliyefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mashahidi walisema walimtambua usiku kwa tochi. Benjamini, aliyepewa kuusimamia upande wa Jamhuri, alisoma ushahidi wote na kuona kwamba tochi ile walikuwa wameishika wao wenyewe, wakimmulika mgongoni mtu aliyekuwa anakimbia. Rafiki yake wa kazini, Gody, alimshauri: "Kaka Ben, we soma hoja zako kwa sauti ndogo ukae. Nani atakulaumu?" Benjamini alisimama mbele ya jaji, akasema kwamba Jamhuri haiungi mkono hukumu ile. Robert aliachiwa.

Kwa sheria, hiyo ndiyo kazi ya wakili wa serikali. Lakini ulipofika wakati wa kupima utendaji, mmoja wa wakuu wake aliihesabu rufaa ile kuwa kesi iliyopotea. Benjamini aliiandika kwenye mafanikio ya mwaka. Akaambiwa aiondoe ndipo apewe alama za kutosha kupanda. Akakataa. Mwaka uliofuata aliiandika tena, na mwaka mwingine tena, mpaka ikawa mzaha wa ofisini. Vijana aliowafundisha namna ya kusimama mahakamani walipanda wakawa Waandamizi, na mmoja akawa bosi wake. Huyo alimwamkia "shikamoo kaka" kila asubuhi, na Benjamini akamwitikia, kisha akampelekea majalada ayasaini.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mke wake alimwambia, "Baba Robi, si mstari mmoja tu? Ufute. Watoto wanasoma."

"Nikiufuta, Mama Robi, nitakuwa nimekubali kwamba yule kijana alistahili kukaa ndani."

"Yule kijana yuko nje, anachunga. Sisi ndio tuko ndani."

Benjamini aliinuka. Alikwenda kukaa nje mpaka ugali ukapoa. Mwalimu Consolata ameomba maneno hayo yasomwe, kwa sababu hakutaka mume wake asifiwe kana kwamba msimamo wake haukumuumiza mtu.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafirishwa mara kwa mara kwenda Mwanza kusafishwa damu, akirudi kazini akiwa amevimba miguu. Orodha ya waliopandishwa ilitoka mwaka huo, haikuwa na jina lake. Alifariki Musoma, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Juzi wageni kutoka kazini walipokuja kutoa pole, mkubwa wao alishauri kwa upole kwamba kwenye ratiba hii ya mazishi na kwenye msalaba aandikwe Mwandamizi, kwa heshima. Kaka yake, Mzee Faustine, alikubali mara moja. Wazee nao wakakubali, maana nani hapendi ndugu yake aheshimiwe? Mwalimu Consolata alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akasema, "Alipokuwa hai mlimnyima. Sasa mnampa kwa sababu haina gharama. Shemeji, andikeni alivyokufa." Ndiyo maana msalaba unasomeka Daraja la Kwanza, na ofisi yoyote itakayopita hapa isome.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Consolata Mwandu. Watoto watatu, Robi, Gasper na Miriamu. Mama yake mzazi, Mama Miriamu. Kaka mmoja, dada wawili na wapwa wengi. Robi yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma sheria.

Benjamini, pumzika kwa amani. Cheo chako tumekiacha kama ulivyokiacha.