Mtihani wa Bibi Rozalia

Kijiwe chetu kiko Majengo, hapa Mpanda, ukutani kwa duka la nafaka la Rehani: benchi moja la mninga, na pembeni yake meza yangu ya kushonea viatu. Mimi naitwa Sindano, mwanamke pekee hapa kijiweni. Nasikia yote, maana mkono ukishona, sikio halina kazi. Rehani tunamwita Mizani. Ananunua mahindi na mpunga, na haamini kitu ambacho hajakipima. Ponsian ni Mataifa, mtu wa redio sikioni kuanzia asubuhi. Telesphor ni Sekretari, alikuwa karani wa chama cha tumbaku kule Inyonga hadi akastaafu, na mpaka leo anatembea na kalamu mbili mfukoni. Wa nne ni Celestin, fundi baiskeli, ambaye hana jina la utani kwa sababu hasemi maneno ya kumpatia jina. Kahawa ni ya Farhan. Jumatano hiyo kahawa ilikuwa nzuri na hakuna aliyeisifu, maana jana yake mama yake Celestin, Bibi Rozalia, alikutwa tena uani kwa jirani yake Enoka, akirusha madongo juu ya bati.

Mizani: Hii mara ya ngapi?

Celestin: Ya tatu.

Mizani: Saa ngapi?

Celestin: Saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nawasha moto wa chai. Kugeuka, mlango uko wazi.

Bibi Rozalia kazaliwa Usevya, huko Mpimbwe, na amelima mpunga tangu meno ya utoto hayajang'oka. Mpunga ukishaanza kushika punje, anayelala ndiye atakayelala njaa. Ndege wanashuka na jua, na wewe lazima uwe umefika kabla yao, unarusha madongo, unapiga kelele, unaimba, mradi wasitue. Kafanya hivyo miaka sitini. Mume alipofariki, Celestin akamleta mjini. Mwaka jana akaanza kusahau sufuria jikoni, kisha majina, kisha njia ya chooni. Sasa kila kukipambazuka anaona shamba lake, na shamba lenyewe liko kwa Enoka. Lakini Enoka haoni mpunga. Enoka anaona kikongwe mwenye macho mekundu, ambayo ni moshi wa kuni tu, anamrushia udongo juu ya nyumba alfajiri. Na wiki iliyopita mjukuu wake Enoka alishikwa na homa, na minong'ono ikaanza. Sisi watu wa huku tunajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Mimi naogopa hata kuyataja.

Sekretari: Enoka mwenyewe anasemaje?

Celestin: Enoka hasemi. Wadogo zake ndio wamesema. Wakimkuta tena, nisije nikawalaumu.

Farhan akaacha kugonganisha vikombe.

Mataifa: Mimi nilishasema. Haya yote yameletwa na wale wapima wazee.

Mizani: Anaanza.

Mataifa: Naanza ndiyo! Mtu anatoka Japani, mwingine Ghana, mwingine Dar, wanakutana Majengo kutazama vikongwe. Kwao hakuna vikongwe?

Sekretari: Wapo. Walisema wenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Japani wazee wamezidi watoto. Huku kwetu wanaongezeka na hakuna aliyejiandaa. Maswali yaleyale wanayouliza hapa, wanauliza na huko. Halafu wanalinganisha, wajue mtu anazeeka vipi na atunzwe vipi.

Mataifa: Hayo ndiyo ya kukuambia wewe. Waswahili walisema, ng'ombe hazeeki maini. Unadhani wao hawajasikia? Wanatafuta maini ya wazee wetu.

Mizani: Ponsian, walipima nguvu za mkono. Bibi anapewa kile kidude, anaambiwa abinye. Ini liko wapi hapo?

Mataifa: Mkono ndio njia.

Farhan: Mimi nasikia ni asali. Kule mtu anafika miaka mia. Sisi tuna asali ya Inyonga na bado tunakufa na sabini. Wamekuja kutazama tunakosea wapi.

Sekretari: Nyie wote mmepotea. Kidude kile ni cha serikali. Mzee akibinya kwa nguvu, anaandikwa bado ana nguvu. Mwakani utasikia kustaafu ni miaka themanini. Haraka haraka haina baraka.

Mizani: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Sekretari: Imeingia.

Mataifa: Sikilizeni niwaambie la mwisho. Kidude kile kinavuta miaka. Mzee wako akibinya mara moja, miaka miwili imekwenda Tokyo. Ndio maana wao hawafi! Na Bibi Rozalia alibinya mara tatu, mimi nilikuwepo, nilihesabu.

Hapo nikaweka kiatu chini. Kuna siku nawapenda hawa watu na kuna siku natamani benchi livunjike nao.

– Nyie wanaume, nikasema, hamna haya? Bibi alianza kusahau kabla wale watu hawajatia mguu hapa. Na alipopata nafasi ya kusaidiwa, ni nani aliyemnyima? Mjapani?

Mataifa akapunguza sauti ya redio mpaka ikazimika.

Wacha niseme, maana wao hawatasema. Watafiti walipoanza kazi, walianzia mtaa wa pili. Sekretari ana shemeji huko. Jioni ile ile akarudi na karatasi, maswali yote kayanakili kwa mwandiko wa ofisini: leo siku gani, mwezi gani, rais ni nani, toa saba kwenye mia, na maneno matatu ambayo mzee anaambiwa, halafu anaulizwa tena baadaye kama anayakumbuka. Jembe. Chumvi. Daraja. Tukasema, mama wa mwenzetu afeli mbele ya wageni wa mataifa matatu? Haiwezekani. Tukaenda kwa Celestin siku mbili mfululizo, baada ya kazi, tukamfundisha. Mizani alileta mchele. Mimi mwenyewe nilimshika mkono bibi wa watu nikamwambia sema tena, mama, jembe, chumvi, daraja. Akakosea, tukarudia. Akalia, tukambembeleza, tukarudia. Siku ya kupimwa akajibu yote kama mtoto wa mwalimu. Tulimpigia makofi dirishani.

Wakaandika hana shida. Wale walioonekana wana shida ndio wamepangiwa daktari, na muuguzi wa kupita nyumbani kila wiki, na mtu wa kukaa na ndugu na majirani awaeleze kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, una jina, si uchawi. Bibi Rozalia hayumo. Tulimfaulisha sisi.

Celestin: Mpaka leo anayasema. Ukimwamkia, shikamoo mama, anakujibu jembe, chumvi, daraja. Mimi jina langu hana.

Alisema hivyo akitazama chini, bila kupandisha sauti. Nilisikia uchungu mpaka kwenye meno.

Mizani: Basi twende tukaseme. Tuwaambie tulimfundisha, wampime upya. Daktari akiandika, karatasi inasomwa kwenye mkutano wa mtaa, na Enoka yupo anasikia.

Sekretari: Tukaseme nini? Kwamba Telesphor, karani miaka thelathini, aliiba mtihani? Ule ni utafiti wa nchi tatu, bwana! Wakijua Majengo tumedanganya, watayafuta majibu ya Majengo yote. Wale kumi na wanane waliopangiwa daktari nao watakosa. Utakuwa umemsaidia mmoja umeua kumi na wanane.

Mataifa: Wengi wape.

Mimi: Wape nini? Wape bibi?

Mataifa akajifuta jasho kwenye mdomo wa juu, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Sekretari: Simkatai bibi. Rozalia ni kama mama yangu. Nasema tutafute njia nyingine. Tumrudishe Usevya.

Celestin: Usevya kuna nani? Nyumba ilianguka. Shamba analima mtu mwingine. Nimpeleke akamrushie madongo huyo?

Mizani: Mfunge mlango basi, kaka. Kufuli.

Celestin: Nilifunga juzi. Alipiga ule mlango mpaka vidole vikatoka damu. Anasema ndege wanamaliza mpunga, watoto watakula nini. Watoto ni mimi, Rehani. Anatetea chakula changu mimi, na mimi ndiye niliyemfungia.

Sekretari alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Ndipo akaja binti mmoja na mkoba begani na kofia ya mradi. Tulimfahamu mara moja. Anaitwa Faith, ni mtafiti kutoka Dar, ndiye aliyekuwa akiwauliza wazee maswali.

Faith: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Faith: Tumeanza mzunguko wa pili. Namtafuta kaka Celestin, wa Bibi Rozalia.

Sekretari akawahi: Bibi hajambo kabisa! Majibu yake si mnayo? Kichwa kizima kile. Wewe nenda kwa wengine, mwanangu, sisi hapa tuko salama.

Celestin akasimama. Tangu nimjue, miaka kumi na sita, sijawahi kumwona akimkatiza mtu mzima.

Celestin: Si kweli. Mama hana majibu. Tulipata maswali mapema, tukamkaririsha siku mbili. Mimi ndiye mwanae, mimi ndiye nilikubali. Hajui siku, hajui mwaka, hanijui mimi. Anatoka alfajiri anakwenda kwa watu, na sasa wanamwita mchawi. Dada, kama kuna kosa niandike mimi, lakini yeye mpime tena.

Sekretari: Na mimi. Karatasi niliiandika mimi.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nampa heshima yake kwa hilo, pamoja na ujinga wake wote.

Faith hakukasirika. Alikaa kwenye ncha ya benchi, mkoba mapajani.

Faith: Si nyie wa kwanza. Wenzetu wa Ghana walikuta kijiji kizima kimefundisha wazee wake. Watu hawapendi mzazi wao aaibike. Maswali ya mzunguko huu tumeyabadilisha kwa ajili hiyo. Waliopangiwa daktari wataendelea na daktari wao, msiogope.

Sekretari akafunika uso kwa viganja. Miezi miwili alikuwa anailinda ile siri kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Mizani: Kwa hiyo bibi atapimwa?

Faith: Leo hii hii. Daktari tuliyekuja naye yupo kituo cha afya. Nikimpigia, anakuja na mtu wa ustawi wa jamii, na tutaongea na huyo jirani kabla ya jioni. Tena tumeshafanya hivyo mitaa mingine.

Mataifa: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi nilisema tangu mwanzo hawa watu ni wazuri. Farhan, mmiminie dada kahawa. Dada, hivi kule Japani mzee kama huyu anakaa na nani? Nasikia wana roboti.

Mizani: Roboti na mpunga wapi na wapi?

Mataifa: Roboti linafukuza ndege vizuri kuliko wewe.

Tukacheka. Ndiyo, tulicheka, sitaficha. Mzigo ulikuwa umeshuka na kila mtu alitaka kusema jambo. Sekretari akaanza kumweleza Faith jinsi ya kupanga mafaili. Faith alikuwa ameshatoa simu ampigie daktari. Akasimamisha kidole hewani.

Faith: Samahani, kaka. Bibi sasa hivi yuko na nani?

Celestin: Yuko na Zena. Mke wangu Marsela kaenda msibani kwao Inyonga tangu Jumapili. Nikitoka, Zena, binti wa Rehani hapa, ndiye anaingia kukaa naye. Kila siku.

Rehani alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Hakikufika.

Mizani: Celestin.

Celestin: Nini?

Mizani: Zena haendi. Nilimkataza tangu jana jioni. Niliogopa, ndugu yangu. Watu wanavyosema, nikaona wasije wakamwita na yeye mchawi. Nilidhani amekwambia. Leo yuko sokoni.

Celestin: Leo asubuhi nimemwita dirishani kwako. Nikasikia haya.

Mizani: Ni mimi niliyeitika.

Faith alitutazama, mmoja baada ya mwingine, simu bado iko mkononi.

Faith: Kwa hiyo bibi yuko na nani?

Tangu jua lichomoze tulikuwa tumeshaeleza Wajapani wanataka nini, serikali inapanga nini, na wazee wa dunia nzima wanatunzwaje. Hilo moja halikuwa na mtu wa kulijibu. Celestin hakutungoja. Alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia kuelekea nyumbani kwake, na upande ule ule, kwa Enoka, tukaanza kusikia kelele za watu wengi.